Tundu la Tano

Saa nne asubuhi ya Jumamosi Inspekta Ramazani aliingia katika chumba cha telex cha Kampuni ya Bati ya Misisi, mjini Kindu, akavua kofia, akafungua dirisha linalotazama bohari, kisha akavuta kiti kama mtu aliyekaribishwa chakula. Mbele yake palikuwa na vipande viwili vya utepe wa karatasi, ule ambao mashine huandika ujumbe kwa kuutoboa matundu. Alikuwa na saa tano tu za kuvifanyia kazi. Saa tisa ndege ya Kinshasa ingeruka kutoka uwanja wa Kindu, na mambo yakibaki yalivyo, ndani yake angekuwamo Sharifa, mwendesha telex wa kampuni, amefungwa pingu. Mtu aliyepelekwa Kinshasa na watu wa usalama kwa neno "hujuma", Ramazani hakuwahi kumwona akirudi.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Usiku wa kuamkia Jumanne mvua ilibeba daraja la mbao la kijito Lukole, katika njia ya machimbo, upande wa Punia. Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi Amisi, mwendesha telex wa machimboni, alituma onyo Kindu kwa radio. Saa mbili lori la kampuni likatoka bohari kana kwamba hakuna aliyesema neno. Kabla ya adhuhuri lilikuwa ndani ya Lukole, na dereva wake, Selemani, alikuwa amekufa.

Citoyen, yaani Raia, Mobanga wa usalama aliletwa na ndege ya Alhamisi, na abakosti yake, koti rasmi lisilo na tai, haikuwa na kunyanzi hata moja. Kwake yote yalikuwa wazi. Onyo lilifika, Sharifa akalitupa, kisha akabonyezabonyeza herufi za ovyo kwenye utepe ili adai kwamba mashine iliharibika. Sababu nayo ilikuwapo. Wiki moja kabla, mbele ya watu, Sharifa aligombana na Selemani kwa sababu ya gunia la mpunga ambalo dereva aliahidi kumletea kutoka Kailo, akalisahau njiani.

Ramazani hakumdharau Mobanga. Alijua tu kwamba mwenye nyundo huona misumari kila mahali. Kama kila mgomvi wa gunia la mpunga angekuwa muuaji, Kindu pangebaki mito na kuku.

Akaunyoosha utepe wa kwanza, ule uliotobolewa hapa Kindu asubuhi ya Jumanne. Kila herufi ilikuwa safu moja inayokatiza utepe, nafasi tano, penye tundu au pasipo na tundu. Akaacha kuzitazama herufi, kwa kuwa herufi zilikuwa takataka. Akaushika utepe kwa urefu, akafuata kila mstari kwa ncha ya kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa na matundu yake, wa pili na yake, wa tatu vilevile. Alipofika wa nne na wa tano alirudi mwanzo, akahesabu tena, kisha akacheka peke yake.

Mistari hiyo miwili ilikuwa mapacha. Penye tundu la nne palikuwa na la tano, pasipo na la nne hapakuwa na la tano, tangu herufi ya kwanza hadi ya mia mbili na sita. Mkono wa mtu unaobonyeza ovyo hauwezi kufanya hivyo. Nusu ya herufi zote, zikiwamo T na R, hazina upacha huo, na vidole vingezigusa tu.

Akauchukua utepe wa pili, ulioletwa kutoka machimboni kwa ndege ndogo ya kampuni. Huo ulikuwa na kile Amisi alichopokea kutoka kwa Sharifa asubuhi ileile, nao ulikuwa takataka vilevile. Lakini hapa mstari wa tano ulitobolewa wote, bila kuacha nafasi hata moja.

Amisi alikuwa ameandika kwamba huenda ni radi. Ramazani alikwisha kulikubali wazo hilo tangu jana, na sasa akalitupa. Radi hupiga inapotaka. Radi haihesabu hadi tano.

Akaagiza Sharifa aletwe kutoka kasho, mahabusu ya polisi.

Alikuja na kitenge kilekile cha Jumanne, mwembamba kuliko picha yake ya kitambulisho, lakini akaketi wima. Alikuwa na miaka sita kwenye mashine hizo na hakuwa na nia ya kumlilia polisi. Alieleza kwa mpangilio. Ujumbe uliingia, ukachapwa fujo. Akaomba urudiwe, mara tatu, na kutoka machimboni zikarudi fujo nyingine. Radio ya kuongea kwa mdomo haifunguliwi kabla ya saa nne asubuhi, kwa sheria ya kampuni. Basi saa moja na robo alikwenda kumwita fundi.

"Fundi gani?" aliuliza Ramazani.

"Citoyen Kabasele. Yeye njo anatengeneza machine yote ya hapa, na televizyo za wakubwa. Alikuja, akakifanyia kile kisanduku kipya cha telex majaribio mbele ya macho yangu. Ikachapa A mpaka Z, safi. Akasema kisanduku iko muzima, mvua njo inaharibu. Nikamuamini, Baba Inspekta. Yeye njo fundi."

"Hilo la majaribio halimo kwenye faili."

"Yule Citoyen wa Kinshasa hakuniuliza. Aliniuliza juu ya mupunga."

Ramazani alikunja midomo asicheke, kwa sababu msichana hakuwa akifanya mzaha. Akamwambia abaki kitini, akamtuma askari kumwita Kabasele.

Fundi Kabasele Mulumba, Mkasai wa miaka arobaini, aliingia na bisibisi mfukoni na mikono safi kama ya daktari. Alipomwona Sharifa alisalimia ukuta. Ramazani aliliona hilo, akaliweka akiba, kisha akamwomba kwa heshima zote amfundishe. Kisanduku hiki kipya, kilichowekwa mahali pa mashine ya zamani, kinasikiaje maneno ya Amisi? Yeye polisi wa porini hajui.

Hakuna fundi anayekataa swali la namna hiyo. Kabasele aligeuza kisanduku, akafungua kidirisha cha juu, akaonyesha kidude cheusi chenye miguu arobaini kama tandu. Hiyo, alisema, ni mikrokontrola, akili nzima ya kazi iko humo.

"Tazama, chef. Machine ya Amisi ikipumzika, inapiga sauti moja ya juu, haikomi. Ikitaka kutuma herufi, sauti inashuka. Ule mushuko njo hodi. Mikrokontrola ikisikia hodi, inaanza kuhesabu. Inangoja nusu ya nafasi, inatazama: sauti ingali chini? Kama imepanda, ilikuwa kelele tu, inaiacha. Kama ingali chini, hodi ni ya kweli. Halafu inahesabu nafasi moja nzima, inatazama. Nafasi ingine, inatazama. Mara tano. Sauti ya juu njo tundu, sauti ya chini hakuna tundu. Kiisha sauti inapanda tena, herufi imekwisha, inangoja hodi ingine."

"Na kila mara inatazama katikati ya nafasi?"

"Katikati kabisa. Pale njo salama."

"Nani anaiambia nafasi moja ina urefu gani? Amisi anatuma alama?"

"Hapana, chef. Amisi anatuma sauti yake tu. Saa yake iko kule, yetu iko hapa ndani, kila mumoja na yake. Walipatana mara moja, siku ya kwanza: nafasi makumi tano kwa segonde moja."

Sasa Sharifa akasema taratibu, macho yake kwenye kisanduku, kwamba hiyo ni sawa na wanawake wawili wanaotwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja. Hakuna anayemwambia mwenzake sasa piga. Wameanza pamoja, kila mmoja anafuata mapigo ya moyoni mwake. "Mwenzako akiharakisha kidogo, pigo la kwanza hauoni kitu, la pili hauoni kitu," alisema. "Pigo la tano, michi inagongana."

Ramazani aliweka kalamu chini. Angeweza kumbusu paji la uso, lakini yeye ni polisi. Alichokitafuta asubuhi nzima kilikuwa kimetamkwa na mtu wa kasho, kwa maneno ya jikoni.

Akawaonyesha mistari yake. Tuseme saa ya kisanduku hiki inakimbia, alisema, nafasi moja zaidi kwa kila tisa au kumi. Hodi inawaanzisha pamoja. Tundu la kwanza, la pili na la tatu inayatazama mapema kidogo, lakini bado ndani ya nafasi zake. La nne inaliona ikiwa kizingitini. Inapodhani imefika kwenye la tano, la nne halijaondoka bado, basi inaliandika la nne mara ya pili. Ndio mapacha. Halafu hodi mpya inafuta yote, wanaanza pamoja tena, ndiyo maana kosa halikuongezeka wala kupungua katika herufi mia mbili na sita.

"Na utepe wa Amisi?" aliuliza Sharifa.

"Wewe ulituma kwa saa hiihii yenye haraka. Amisi alipotafuta tundu lako la tano, wewe ulikwisha kumaliza, sauti yako imepanda kupumzika. Yeye akaona sauti ya juu, akatoboa. Kila herufi, kila mara." Akamgeukia fundi. "Haraka haraka haina baraka, sivyo, Citoyen?"

Kabasele alitabasamu kwa meno, macho yakakataa. Alisema nadharia ni nzuri, lakini kisanduku kilikuwa kizima, alikipima Jumanne mbele ya dada huyu mwenyewe. Akabonyeza kitufe cha majaribio. Mashine ikanguruma, ikachapa alfabeti yote, A hadi Z, bila doa.

Ramazani aliutazama mstari ule safi. Akauliza wakati wa majaribio nani anatuma. Fundi akajibu: kisanduku. Nani anapokea? Fundi akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Kisanduku," Ramazani alimjibia. "Kinajipigia hodi chenyewe, kinajiitikia chenyewe, kwa saa ileile moja. Hata ikikimbia mara mbili, itaelewana na nafsi yake. Citoyen Kabasele, mtu anayejiuliza na kujijibu hapati kosa hata siku moja."

Tatizo lilikuwa lakiri. Tumbo la kisanduku lilifungwa kwa muhuri wa kampuni, na bila ruhusa ya mkuu wa ofisi, ushahidi wowote wa ndani Mobanga angeuita uchawi wa polisi. Ramazani akaacha askari mlangoni na amri ya kutomruhusu fundi kugusa kitu, akaenda kwa miguu hadi nyumba ya Citoyen Kitenge, mkuu wa ofisi, hatua mia tatu kutoka pale.

Kitenge alikuwa sebuleni na wageni wawili, akiwaonyesha kaseti ya video ya gwaride la chama. Alitia sahihi karatasi ya ruhusa bila kuisoma, kwa kuwa alikuwa na huzuni kubwa zaidi. Kwenye televisheni yake nzuri ya rangi, bendera za kijani zilipita zikiwa na rangi ya majivu, na hata mwenge ulikuwa wa majivu.

"Ona haya, Inspekta. Nilimupa Kabasele aitengeneze sauti tu. Ameirudisha Jumatatu, sauti iko, rangi imekwenda. Anasema televizyo imezeeka. Haina hata miaka mbili."

Ramazani alisema pole, na alikuwa na maana yake. Njiani alikwenda taratibu ili apange hesabu. Fundi mmoja, vyombo viwili, Jumatatu moja. Kimoja kilipoteza rangi, kingine kikapata haraka. Alipofika mlangoni alikuwa ameshiba.

Alikata lakiri mbele ya Sharifa, askari na Kabasele, akaandika saa. Hakugusa kitu ndani. Aliuliza tu kidude gani humo kinaiendesha saa ya mikrokontrola. Kabasele hakuinua mkono. Sharifa ndiye aliyeonyesha kopo dogo la chuma linalong'aa, pana kama ukucha wa kidole gumba, na kusema kwamba hilo ni quartz, linalotetemeka ili akili ihesabu. Juu ya bamba, chini ya kopo, kiwanda kilikuwa kimechapa 4.000. Juu ya kopo lenyewe paliandikwa 4.433: mitetemo zaidi, karibu mmoja kwa kila tisa. Risasi ya kulehemu ilikuwa mpya bado.

"Nikimwomba Citoyen Kitenge anifungulie televisheni yake," alisema Ramazani, "nitakuta nafasi tupu mahali pa kitu cha namna hii?"

Kabasele aliketi sakafuni, kwa kuwa kiti kilikuwa mbali.

Yaliyobaki aliyatoa bila kusukumwa. Jumatatu alikishusha kisanduku kukipangusa vumbi, mkurugenzi wa Kinshasa alikuwa akitarajiwa, kikamponyoka. Quartz ikapasuka. Ya kuagiza Ulaya ni miezi minne, na mwenzake wa kabla alifukuzwa kazi kwa kuvunja taa. Televisheni ya mkuu ilikuwa juu ya meza yake. Quartz yake ya rangi ilikuwa nne na kitu, nayo iliyopasuka nne kamili. Alidhani nne ni nne. Akalehemu, akapiga lakiri mpya kwa muhuri anaoutunza yeye, akafanya majaribio, yakapita.

"Na Jumanne saa moja na robo, dada huyu alipokuita?"

"Niliogopa, chef. Nilifanya majaribio tena, yakapita tena. Nikajiambia kweli njo mvua."

"Na Jumanne jioni, walipomtia kasho? Na Jumatano, na Alhamisi?"

Ramazani alikasirika kweli, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kosa la mkono angeweza kulisamehe, kila fundi amewahi kuvunja kitu. Lakini mtu huyu alimtazama mwenzake akioza kasho siku nne, huku ukweli uko mfukoni mwake pamoja na bisibisi. Akamwambia hivyo, kwa sauti ya kawaida, akachukua karatasi ya PV, hati ya maelezo ya mtuhumiwa, akaanza kuandika.

Saa nane kasoro dakika tano Kabasele alitia sahihi. Saa nane na robo Mobanga aliingia na pingu.

Ramazani hakubishana naye. Alimpa kiti, akampa utepe wa Jumanne, akamwomba aikague mistari miwili ya mwisho mwenyewe. Mobanga alianza kwa dharau. Baada ya herufi hamsini alivua saa ya mkononi iliyokuwa inamsumbua. Baada ya mia moja alikuwa akihesabu kwa ukucha, midomo ikicheza. Akamaliza zote mia mbili na sita, akautazama wa Amisi, akaitazama quartz kwenye bahasha. Mtu wa haki hakuwa, lakini mjinga pia hakuwa.

"Likambo te," alisema mwishoni, yaani si neno. "Mwanamke anabaki. Nitachukua fundi. Kinshasa wanangojea muntu moja, Inspekta. Siwezi kushuka ndege mikono mitupu."

Kabasele akainua uso. Ramazani aliutazama uso ule, na ingawa hasira haikuwa imekwisha, alijua vizuri anachotaka. Uzembe uliosababisha kifo una kifungu chake cha sheria, una hakimu wake, na una mwisho wake. Ndege ya saa tisa haikuwa na kimojawapo.

"Ungemchukua kwa furaha yangu," alisema. "Bahati mbaya amekwisha kutia sahihi PV, namba ipo kwenye daftari. Mtu wa mahakama hapandi ndege bila sahihi ya mwendesha mashtaka."

"Mwendesha mashtaka iko wapi?"

"Leo Jumamosi, Citoyen. Yuko salongo, anafagia soko na komisari na wananchi wote, kama chama kinavyotaka. Sitathubutu kumtoa katika kazi ya taifa. Labda wewe."

Mobanga alimwangalia kwa muda mrefu, akitafuta dhihaka, na uso wa Ramazani ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa. Kisha akarudisha pingu mfukoni, akavaa saa yake na kutoka. Ndege yake haingemngojea.

Ramazani akamwambia Sharifa kwamba yuko huru, gari la polisi litampeleka nyumbani, mama yake anamngoja. Sharifa hakuinuka. Akaomba utepe wa Jumanne na kalamu ya risasi.

Sasa alijua namna ya kuusoma. Kila herufi ilikuwa ama ile iliyotobolewa, ama ile ya tundu la tano kinyume, hakuna ya tatu. Alichukua mbili mbili, akiacha maana imchagulie, na kalamu ikaenda mbio kadiri maneno yalivyofunguka. Yalikuwa ya Kifaransa kile kifupi cha telex. Alipomaliza alijisomea kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Daraja ya Lukole imekwenda na maji usiku. Lori isitoke. Mumwambie Selemani alale tu kwao, nitamwita njia ikikauka. Amisi."

Kabasele, mlangoni na askari, aligeuza uso. Sharifa alilia, bila kujificha na bila kelele, kama mtu aliyengoja zamu yake siku nne. Lori lilitoka saa mbili. Ujumbe ulikuwa humu chumbani tangu saa kumi na mbili na dakika arobaini, wote mzima, isipokuwa tundu moja la kila herufi.

Alipojifuta uso aliikunja karatasi aliyoiandika mara nne, akaiandika jina juu, kama ilivyo sheria ya kazi.

"Hii iko ya mama yake Selemani," alisema. "Ilifika kwangu, sikuipeleka. Ninaipeleka sasa, kwa miguu."

Ilikuwa ushahidi, na ushahidi hautoki ofisini. Ramazani alimfungulia mlango, akamtazama akivuka ua wa bohari akielekea mtaa wa matanga, kisha akarudi mezani, akalivuta daftari na kuandika: Kielelezo namba nne, ujumbe wa Jumanne, umekabidhiwa kwa wenyewe.